Kapasita ndogo na mayai ya kuku wa bibi

Wakuu, heshima kwenu. Hii imenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mama mdogo wangu anaishi Kikwe. Kideri kilipita kwake kikafagia kuku wote, wale wenye vishungi alioachiwa na marehemu bibi.

Yakabaki mayai tu, yaliyotagwa kabla ugonjwa haujaingia. Hayo yakiharibika, mbegu ya bibi ndiyo imekwisha.

Nikamtengenezea incubator ya kutotolea mayai. Bodi yake ya umeme nilichora mwenyewe hapa Sombetini, nikaijaribu mezani, ikatulia kabisa. Nikampelekea.

Jioni akapiga simu. "Mwanangu, balbu ya joto ikijiwasha tu, namba za kwenye kioo zinarudi mwanzo. Joto linashuka."

Nilichoka. Nikamwambia ayatoe mayai, ayafunge kwenye blanketi na chupa za maji ya moto.

Asubuhi nilimkuta ameyapakata, hajalala. Roho iliniuma sana.

Sasa mafundi mtanielewa. Pale umeme unapoingia kwenye bodi nilikuwa nimeweka kapasita moja kubwa ya kutunza umeme, 1000uF, nikaona inatosha. Kumbe relay, ile swichi ya balbu, ikivuta, umeme unayumba kidogo, chip inayoongoza mashine inazima na kuanza upya. Mezani nilijaribu bila balbu, ndiyo maana sikuona kitu.

(Najua mtauliza diode ya relay. Ipo.)

Rafiki yangu fundi redio akaniambia kwa simu, "Ongeza kubwa zaidi." Nikaongeza. Wapi.

Nikakaa chini nikafikiri. Ile kubwa ni simtank la nje. Maji yamo mengi, ila sufuria ikishika moto unataka jagi lililo mkononi.

Nikachomelea kapasita ndogo ya ceramic, 100nF, moja kwa moja kwenye miguu ya umeme ya chip, waya zake nimezikata fupi kabisa.

Balbu ikawaka, ikazima, ikawaka. Namba zikatulia. Mama mdogo akayarudisha mayai moja moja huku anaomba kwa Kimeru.

Sitawadanganya, mengi yalitoka viza.

Ila jana kanipigia. Nikasema shikamoo mama. Akasogeza simu kwenye mashine nisikie vifaranga wanavyolia.

Kisha akasema, "Wana vishungi, mwanangu."

Nilichojifunza: kubwa ikae mlangoni, ndogo ikae ubavuni mwa kila chip, na bodi ijaribiwe na mzigo wake.

Nyie huwa mnazipangaje? Nikosoeni tu. Ila msiniambie nimnunulie incubator ya dukani, mama mdogo hataki hata kusikia.