Kamati ya Watu Thelathini

Mkasa huu huwa siusimulii mbele ya watu wa Shinyanga, maana wao wanaujua kuliko mimi, na wakianza kucheka hawanipi nafasi ya kumaliza. Lakini ninyi mmenibana, basi acheni nijiaibishe mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa karani wa ofisi ya mji, nimehamishwa kutoka Lindi kwenda Shinyanga, nimepanga chumba mtaa wa Kambarage, sina mke, sina mtoto, sina hata paka. Kule kila mtu mzima ni Baba fulani au Mama fulani. Mimi nilikuwa Karani. Ofisini Karani, sokoni Karani, mwenye nyumba naye Karani, na kuna Jumapili nilikuwa nafika jioni bila kuisikia sauti yangu mwenyewe. (Nilikuwa nakohoa kidogo, nijue kama bado ipo.)

Basi ukaja waraka kwamba kila kata iundiwe kamati ya wananchi ya kuishauri ofisi, na ya kwetu ingeanza kwa kusema mabomba manne mapya ya maji yawekwe wapi. Waraka ulisema wajumbe wasipungue saba, na mkutano usianze bila zaidi ya nusu yao kuwepo. Kuhusu wasizidi wangapi, kimya. Kazi ya kupanga idadi nikapewa mimi.

Nikaandika thelathini. Mdomoni nilisema ni ili kila mtaa uwakilishwe, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshawaona kichwani, watu thelathini ndani ya chumba kimoja, wananiuliza habari za Lindi, wanataka kujua nimelalaje, na kila mwezi wanarudi. Mama Nchambi, mpiga chapa wetu, aliisoma orodha kabla hajaipiga.

"Karani, hii ni kamati au harusi?" akasema. "Chukua saba. Mmoja wa saba asipokuja ataonekana. Mmoja wa thelathini nani atamwona?"

Nikamwambia, wewe piga tu, mama.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Niliomba darasa la shule ya msingi, nikapanga madawati mwenyewe, nikachemsha chai birika mbili, nikakaanga karanga, nikavaa Kaunda suti yangu. Mkurugenzi wa mji angekuja saa tisa kufungua mkutano. Saa nane ikapita. Akaja mzee mmoja, akachungulia, akaona hakuna mtu, akasema atarudi wenzake wakifika. Saa nane na nusu bado niko peke yangu na karanga. (Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba kila mjumbe alijua wapo wengine ishirini na tisa, kwa hiyo akaenda zake shambani bila wasiwasi.) Nilikaa mbele ya yale madawati matupu nikajisikia vibaya, jamani, karibu nilie, maana sikuona kwamba wameikataa kamati, niliona wamenikataa mimi.

Sasa mfukoni nilikuwa na filimbi. Kule Lindi niliwahi kufundisha shule, nikipuliza mara tatu watoto wa uwanja mzima wanakuja mbio. Nikasimama mlangoni nikapuliza mara tatu, kwa nguvu zote za kifua changu.

Mnaoijua Shinyanga ya miaka ile mmeshashika vichwa. Sungusungu ndio kwanza walikuwa wameanza kulinda mitaa na mifugo, na filimbi ilikuwa yao. Ikilia, mwizi yupo, kila mwanaume aache alichoshika atoke na silaha, na asiyetoka ana kesi. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Nilidhani ni la usiku tu.

Wakaja. Wanaume wenye pinde, wenye marungu, mmoja ana povu la sabuni nusu ya kidevu, kina mama na majembe yao, ukiangalia hivi uwanja wa shule umejaa. Mkubwa wao, ambaye walimwita ntemi, mtu mfupi mpole, akanifuata akihema.

"Karani, mwizi yuko wapi?"

Ningesema kweli palepale, labda yangeishia kwenye kuomba radhi. Lakini kwa mbali nikaiona Landrova ya Mkurugenzi inakuja na vumbi lake, na (Mungu anisamehe) nikaanza kuhesabu vichwa. Nikasema, "Ntemi, ingieni mkae kwanza. Nitaeleza ndani."

Mkurugenzi akakuta darasa limejaa hadi madirishani, pinde zimeegemezwa ukutani. Akanipa mkono, akasema mahudhurio ya namna hii hajawahi kuyaona. Akahutubia karibu nusu saa kuhusu maji na hakuna aliyemkatiza, wale watu wana adabu, nami nikawa napitisha karanga. Nakiri kwamba ile nusu saa nilikuwa na furaha. Halafu akaomba mjumbe mmoja atoe neno, na ntemi akasimama.

"Mkubwa, maneno ya maji tumeyasikia, ni mazuri. Ila sisi tumekuja kwa ajili ya mwizi."

"Mwizi gani?" Mkurugenzi akanigeukia, na darasa zima likanigeukia.

Nikatafuta uongo, sikuupata. "Hakuna mwizi," nikasema. "Nilikuwa nataka watu."

Hakuna aliyecheka siku ile. Mkurugenzi alichukua mkoba wake akaondoka bila kuniaga, na kazi ya kamati akapewa Mama Nchambi, ambaye aliteua watu saba, na saba wakaja. Sungusungu wao walibaki palepale kwenye madawati, wakanihukumu kwa kuita watu kwa uongo. Nitengwe mwezi mzima, mtaani mtu asinisalimu, asiniazime moto wala chumvi, asikanyage kwangu.

Jioni ya kwanza nikakaa kizingitini kusubiri adhabu ianze kuniuma. Watu wakapita, hawakunisalimu. Hakuna aliyekuja kuomba chumvi. Ikapita ya pili, ikapita ya tatu, na mimi nasubiri nione tofauti na wiki iliyopita, nisiione. Mwezi mzima, ndugu zangu, sikuona tofauti hata moja. Na kosa halikuwa lao. Miaka miwili nilikaa Kambarage na sikuwahi kubisha hodi kwa mtu bila karatasi ya ofisi mkononi.

Filimbi niliitupa chooni. Na niliapa kwamba sitamwita mtu mkutanoni kabla sijakwenda kwake walau mara moja bila shida yoyote, nikae tu. Mwezi ulipoisha hakuna aliyekuja kuniambia kwamba umeisha. Nilihesabu siku mwenyewe, nikavaa viatu, nikaenda mlango wa jirani nikapiga hodi, na aliponiuliza nina barua gani, nikamwambia sina.