Mfano Wangu Ulikuwa Mama

Chura akiruka ndani ya kopo la bati hutoa mlio mmoja mkavu, ta, halafu hunyamaza. Nikiusikia hata leo, hutafuta mahali pa juu pa kusimama.

Kosa lilikuwa la neno. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mmoja kutoka Tanga aliyehamishiwa kwetu Lupepo na hakuacha kuilaumu baridi, alikuwa na kamusi nene. Kila Jumatano alituchagulia neno ambalo nadhani hata Waingereza walikwisha kulisahau. Wiki ile lilikuwa *saltatory*: anayekwenda kwa kuruka. Akatuonya tusilitumie ovyo. Mtu akiruka mtaro mara moja, neno hilo si lake; ni la kiumbe ambaye kuruka ndiko kutembea kwake. Jumatano ijayo kila mtu alete mfano ulio hai.

Nami, msichana wa darasa la sita mwenye kiherehere, nilichukua kopo nikaenda mtoni kutafuta chura.

Babu, mzaa baba, alikuwa ukingoni na ng'ombe wake. Mama alikuwa akipalilia migombani, amejificha. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hatazamani na baba mkwe wake, wala hawapishani njiani. Tangu aolewe, mama akisikia fimbo ya babu ikigonga mawe, alijifunika khanga akapotelea kwenye migomba. Sisi watoto tulicheka kwamba mama mzima anacheza kombolela.

Nilikuwa juu ya jiwe katikati ya mto, chura tayari yumo koponi, maji yalipogeuka rangi. Mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani. Huku chini hatukuona hata tone. Maji yalinifika vifundoni, kisha magotini. Babu alininyooshea fimbo, haikufika, na miguu yake mibovu isingeweza mkondo ule.

Babu akageukia migombani, asimtaje mtu. "Mtoto anachukuliwa na maji."

Mama akatokea kichwa wazi. Alipita mbele ya babu kabisa, akaruka jiwe la kwanza, la pili, akanidaka kiunoni. Wakati wa kurudi, jiwe la mwisho lilikuwa limezama. Babu akanyoosha fimbo tena. Mama akasita. Nasema kweli, maji yanamvuta nguo naye akasita. Kisha akaishika, babu akatuvuta.

Tulipokanyaga nchi kavu, babu alikuwa ameshatupa kisogo. "Mjukuu wangu, mwambie mama yako mimi nilikuwa naangalia ng'ombe."

"Ndaga fijo," mama alishukuru kwa sauti ya chini, akakimbilia migombani akilia. Kopo lilikwenda na mto.

Jumatano nikasema mfano wangu ni mama. Mwalimu alisikiliza yote, akafuta macho, kisha akanikosesha. Mama yako, alisema, aliruka mara moja tu. Nilimnunia muhula mzima.

Kumbe alikuwa sahihi. Kesho yake tu mama alirudia kujificha, na akajificha hivyo hadi babu alipofariki. Aliyebadilika ni babu. Tangu siku ile, akija kwetu, alikohoa mara tatu akiwa bado mbali, na mama akaondoka taratibu, bila kukimbia. Mwaka hadi mwaka nilimhurumia mzee na kikohozi chake.

Siku ya msiba, nikiwa mtu mzima, nilimwambia mama kwamba angalau kifua cha babu sasa kimepumzika.

"Babu yako," mama akasema, "hakuwahi kuumwa kifua."