Kandambili Moja Juu ya Rafu

Kosa langu la mapema kabisa safarini lilikuwa kuandika habari za kandambili bila kuuliza ni ya nani.

Ilikuwa kijijini Ulemo, mkoa wa Singida, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa ghala la alizeti. Kijiji kilimwazima chumba hicho mama mmoja, mwalimu mstaafu, akakigeuza makumbusho kwa vyombo vya majirani zake: mawe ya kusagia, vibuyu vya maziwa, mzinga wa gogo, ngoma mbili. Kila kitu kilikuwa na kadi yenye mwandiko safi wa ubaoni.

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kuzunguka mkoani, nikiandika mtandaoni kuhusu makumbusho madogo na nyumba za wageni zenye vituko. Sikusomea uandishi wala utalii. Nilijifundisha mwenyewe nyumbani Unyambwa, kwa kusoma ya wenzangu na kufuta ya kwangu. Nafuta sana. Sentensi moja inaweza kunila asubuhi nzima. Safarini natembea na orodha ya vitu vya kukagua: madirisha, vumbi, kadi, choo. Naogopa kwamba nikikosea kimoja, watu watagundua sijui chochote.

Kwenye rafu ya tatu kulikuwa na kadi imeandikwa "Kigoda cha mzee wa ukoo". Nyuma ya kadi hapakuwa na kigoda. Palikuwa na kandambili moja ya njano, ya mguu wa kushoto, mkanda wake umeshikizwa kwa waya. Pembeni, mahali pa chungu kikubwa cha pombe, palikuwa na kifuniko cha chupa ya chai.

Mama alikuwa nje akiongea na mgeni mwingine. Ningeweza kumsubiri. Badala yake nilipiga picha, nikaandika: "Karibuni makumbusho ya kandambili", nikaondoka. Watu walicheka, wakasambaza. Kwa mara ya kwanza sikufuta kitu, na nilijiona nimekuwa mwandishi.

Siku mbili baadaye nililala Singida mjini, kwenye nyumba ya wageni ya mzee aliyefanya kazi reli, Manyoni, mpaka akastaafu. Vyumba vyake anaviita mabehewa. Vitanda ni vya juu, vya kupanda kwa ngazi, na chai ikiwa tayari anapiga kengele kama ya stesheni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, abiria. Safari ilikuwaje huko behewani?"

"Nzuri. Nimegonga dari mara mbili tu."

"Mara mbili? Wewe mzoefu. Wengine wanashuka na manundu."

Akauliza kazi yangu. Nikampa simu aone, nikijivuna kidogo. Alivaa miwani, akapitisha picha moja moja, akafika kwenye ile ya rafu. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Hii kandambili ni ya shemeji yangu!"

Mke wake ni mtu wa Ulemo, kwa hiyo alizijua habari zote. Vile vyombo, alisema, si vya yule mama, ni vya familia za pale. Familia ikihitaji chake inakuja kukichukua, na anayechukua lazima aache kitu chake mwenyewe.

"Tena si kitu cha kutupa. Unaacha kitu utakachokitafuta kesho yake, ili usijisahau. Sasa mzee wa ukoo haendi kuposa bila kigoda. Wamekwenda nacho Sepuka, kwa wakwe. Shemeji ndiye aliyekichukua, akaacha kandambili moja. Unadhani ukweni kaenda na nini? Kaenda na viatu vyangu! Unanionaje hapa?"

Nikatazama chini. Mzee alikuwa peku.

Kisha akaacha kucheka. "Ila, mwanangu, umemuumiza yule mama. Kijiji kilishamwambia: kama watu hawaji, msimu huu ghala linarudia alizeti yake. Alikuwa anategemea wanafunzi watakaokuja Alhamisi. Jana mwalimu wao kampigia, kasema wameona mtandaoni hakuna kitu, hawaji tena."

Chapati ilinishinda. Nilifuta ile picha, ingawa ilikuwa imeshafika mbali. Nikaanza kutunga ujumbe wa kuomba radhi. Nikaufuta. Nikaanza upya.

"Utaandika mpaka lini?" mzee akauliza. "Mimi ndiye sina viatu. Wewe unavyo, nenda."

Nilirudi Ulemo, nikamkuta mama mlangoni pa makumbusho yake, akifuta mzinga vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mimi ndiye niliyeandika ile habari ya kandambili."

"Najua. Picha yenyewe umeipiga imepinda."

Nakiri, hilo liliniuma kuliko tusi. Akanipa namba ya mwalimu. "Mwambie mwenyewe. Hapahapa, nisikie."

Nikapiga. Nilisema yote: kwamba niliandika bila kuuliza, na vitu vinavyokosekana vimechukuliwa na wenyewe kwa muda.

"Kwa hiyo kigoda kipo?" mwalimu akauliza.

"Kipo Sepuka. Kinaposa."

Akacheka. "Basi tutakuja hiyo Alhamisi. Kandambili isiondoke."

Alhamisi wanafunzi walijazana mbele ya rafu ya tatu kuliko mahali pengine popote. Walitaka kujua kama posa itakubaliwa, na mtu anatembeaje na kandambili moja. Mama aliwafundisha kama hajawahi kustaafu. Mwenyekiti wa kijiji alisimama mlangoni muda mrefu, akasikiliza, kisha akasema magunia ya alizeti yatafutiwe mahali pengine.

Kabla sijaondoka niliona kadi moja imechakaa. Nikaomba niende nayo nikaiandike upya kwa unadhifu.

"Acha kitu," mama akasema.

Niliacha ile orodha yangu ya kukagua, na siku nne nilizokaa bila hiyo nilikuwa kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Kadi niliirudisha. Kigoda nacho kilikuwa kimerudi, posa imekubaliwa, na mzee wa mabehewa amepata viatu vyake.

Orodha ninayo tena, na madirisha bado nayakagua. Lakini sasa nikikuta rafu tupu, namtafuta mwenyewe kwanza, namwamkia, namuuliza kitu kimekwenda wapi, ndipo naandika.