Jeni, beacon za plot na ukimya niliosemekana kurithi

Wakuu, sasa. Hii sijaitia chumvi, nimeinakili kwa diary niliyoandika nikiwa form three Thika, miaka ya tisini.

Naitwa Wambui, jina la cucu, mama ya mama. Kwetu Makongeni ukimya wangu ulikuwa umeshapata sababu. "Huyo ni cucu yake mtupu," mama alikuwa anaambia wageni.

Basi hata sikujaribu kuongea. Nani atashindana na damu?

Halafu mwalimu wa biology akanichagua nielezee projekti yetu kwa mashindano ya sayansi Ruiru. Kusoma, sawa. Kusimama mbele ya watu, hapana.

Projekti yenyewe: ubongo wa mtoto aliye tumboni unajuaje hapa patakuwa pa kuona na pale pa kusikia?

Siku yenyewe Ruiru nililowesha kitambaa kiwe kama ubongo, nikadondosha wino mwekundu mbele na wa bluu nyuma. Rangi zikasambaa zikakutana. Ndivyo jeni hufanya: moja ina nguvu mbele, ingine nyuma, na seli inajua iko wapi kwa kupima zote mbili.

Hiyo yote niliisema nikiangalia viatu vyangu.

Jaji mmoja, mzee wa miwani, akauliza, "Kwa hivyo msichana, jeni zikishapanga, mtu ameshapangwa?"

Niliona ni mimi naulizwa, si projekti. Mwalimu akaanza kuinuka anisaidie.

Nikakumbuka baba. Kazi yake ilikuwa kusaidia surveyor kuchimbia beacon, zile nguzo fupi za mipaka, mashamba ya Mwiki yakikatwa plot.

"Hapana, sir. Jeni zinaweka beacon tu. Beacon ikisogezwa, plot ya jirani inakuwa kubwa, yako inapungua. Lakini nyumba inajengwa baadaye, na macho na masikio ndio wanaleta mawe."

"Huyu ashasogezewa beacon," mzee akasema. Ukumbi ukacheka, na mimi nikaendelea mpaka nikapigiwa kengele.

Tulikuwa namba nne. Sikujali.

Jumapili cucu alikuja. Mama akamwambia, "Wambui wako aliongea mpaka akanyamazishwa."

Cucu akakoroga chai. "Sasa ndio amenifuata. Mimi niliongea vizuri tu mpaka nikaolewa na guka yenu."

Funzo langu, wakuu: ukiambiwa umerithi kitu, kamuulize mwenyewe kama alikuwa nacho.

Na wewe, kwenu walisema umetoa nini kwa nani? Mwaga hapa chini, nasoma zote.