Trei Thelathini za Mayai

Mwalimu alistaafu akiwa na miwani mipya na sauti isiyo na kazi. Kwa miaka thelathini na mmoja aliwasomea watoto hadithi darasani. Sasa msikilizaji wake alikuwa mmoja tu, mumewe, fundi makochi, ambaye ukurasa wa kwanza haukuisha kabla hajaanza kukoroma.

"Hadithi ni za watoto," fundi alijitetea. "Mimi nisomee bei ya sponji."

Kwa hiyo maktaba ya wasioona ilipotafuta wasomaji wa vitabu vya kusikiliza, mwalimu hakulaza damu. Alinunua maikrofoni, akaondoa madumu na masanduku stoo, akarekodi. Jibu likaja: sauti ni nzuri, lakini chumba kina mwangwi, kama anayesoma ndani ya pipa. Alipewa miezi miwili atume tena, mara ya mwisho. Mwalimu aliogopa. Akikosa hii, alijua hakuna atakayemsikiliza tena.

Aliwahi kuona picha ya studio iliyobandikwa trei za mayai ukutani. Basi nyumba ikageuka ya mayai: ya kukaanga asubuhi, ya kuchemsha jioni. Trei kumi na mbili walizila wenyewe, kumi na nane tupu akaziomba dukani.

"Mwalimu, nikikohoa tena nitawika," fundi alinung'unika, lakini akala.

Zikabaki siku tatu. Trei ya mwisho ilipobandikwa, mwalimu alipiga kofi. Ukuta ukamjibu vilevile. Alikaa chini akalia, tena si kwa mchezo.

Fundi akamkuta hapo. Alibonyeza trei moja kwa kidole, ikabonyea.

"Kikaratasi hiki kitazuia nini? Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize wewe? Wewe si fundi makochi?"

"Ndiyo maana! Karakana ikijaa makochi, nikipiga chafya haiendi popote. Tukishauza yote, nikipiga chafya kuta zinanirudishia. Sauti inataka kitu kinene cha kuzama."

Kumbe alijua tangu yai la kwanza, akanuna kimyakimya akingoja kuulizwa. Mwalimu alimtazama kwa jicho ambalo darasa zima lingelijua.

Siku mbili fundi hakushika kazi ya mteja. Aliunga fremu za mbao, akazishindilia pamba ya makochi ya zamani, akazivika kitambaa cha maua. Alizitundika zikiachana kidogo na ukuta, zile nene zaidi kwenye pembe. Mlangoni blanketi, chini zulia. Mwalimu akapiga kofi, na kofi likafa palepale.

Ilibaki fremu ya dari, na skrubu zimekwisha, na siku ndiyo ya mwisho. Fundi akapanda kwenye stuli, akaishikilia kwa mikono miwili juu ya kichwa cha mkewe.

"Usikohoe. Usikorome. Dakika kumi tu," mwalimu akaamuru.

Akasoma habari za mjane aliyechimba kisima peke yake, wiki nzima, mpaka sururu ikagonga jiwe. Na chini ya jiwe mtu akamgongea, mara tatu. Dakika kumi zikaishia hapo. Kabla hajabonyeza kitufe cha kuzima, sauti ikatoka darini:

"Sasa nani huyo anagonga?"

"Umeniharibia!" mwalimu alipiga kelele. Kukata kipande cha rekodi alikuwa hajajifunza, na fundi alishachoka kushikilia fremu, hawezi kurudia. Akatuma hivyohivyo.

Wiki iliyofuata jibu likaja. Mwalimu alilisoma kwa sauti, polepole: "Chumba sasa kimetulia. Tuliwapa wasikilizaji wetu wajaribu, na wote wameuliza swali la yule bwana. Tafadhali tuma kitabu kizima."

Alipoinua macho, fundi alikuwa ameshatangulia stoo, skrubu mfukoni.

"Niambie mimi kwanza," alimbembeleza mwalimu alipomfuata. "Nani anagonga?"

"Kaa chini," mwalimu akasema, akivaa miwani, "usikilize kama wenzako."