Bibi Aliyekatazwa Kubembeleza

Kijijini kwetu tuna kosa moja la ulimi, na tumezaliwa nalo: herufi L na herufi N hatuzitofautishi. Penye L tunatia N, penye N tunatia L, na kwa kuwa mkono hufuata ulimi, hata tukiandika ni yale yale. Kibao changu cha chai, pale langoni mwa ofisi ya kata, kilikaa miaka mingi kikisema kwamba nauza kashata za mnofu badala ya kashata za njugu, kwa sababu ya herufi hiyo moja: kwetu njugu ni lạc, na mnofu ni nạc. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniuliza nyama iko wapi. Aliyekichukia kibao kile alikuwa Quyên peke yake, binti wa Nết. Hapa maneno yetu nimeyaandika yakiwa yamenyooka, maana kwenye karatasi mtu anaweza kufuta. Ukinikuta kwenye kigoda changu utanisikia nilivyo, na ukinicheka, chai utakunywa kwingine.

Nết ni binamu yangu na ni jirani yangu, ukuta wetu ni mmoja. Jina lake kwenye cheti maana yake ni tabia njema. Sisi tunamwita Lết, ambalo maana yake ni kujikokota, na siku zote ameitikia bila kinyongo. Tulipokuwa wasichana alikuwa akiwaita bata wa baba yake kutoka ng'ambo ya mashamba ya mpunga, na bata wa watu wengine nao wanakuja. Basi kata ilipofunga vipaza sauti juu ya nguzo na kutafuta msomaji, nani angeulizia cheti? Alfajiri na jioni tulimsikia yeye: leo maji yanafunguliwa mashambani, kesho watoto wapelekwe chanjo, fulani katutoka, mazishi ni adhuhuri. Alisoma na makosa yake yote, L huku na N kule, na kijiji kizima kikamwelewa. Msiba akiusoma Nết, hata mtu aliyekuwa hasemezani na marehemu aliweka jembe chini. Mumewe mwenyewe alipokufa, aliusoma yeye mwenyewe, akaumaliza, ndipo akazima mashine na kulia.

Alibaki na Quyên, mtoto wa pekee, mwenye akili nyingi. Alipokwenda Hanoi kusomea ualimu, siku ya kwanza aliambiwa asimame ajitambulishe, na darasa zima likaangua kicheko kabla hajafika kwenye jina la wilaya. Likizo ilipofika alikuja kunililia pale kwenye kigoda. Nilimhurumia, nasema kweli. Aliporudi chuo akawa anauma kijiti cha kulia chakula mbele ya kioo kila siku, anasema maneno yale yale mpaka ulimi ukakunjika. Likizo iliyofuata ulimi ulikuwa umenyooka, lakini macho yalikuwa yamegeuka macho ya kuwinda.

"Mama mkubwa," akaniambia, "hicho kibao kinatutia aibu."

"Kinamtia nani aibu? Mimi kinaniletea wateja."

"Mtu wa mjini akipita atakipiga picha, watucheke kijiji kizima."

"Acheke, ilimradi anunue."

Akachukua chaki akakisahihisha. Nikamwacha. Mvua ilipokifuta, nikaandika kama zamani, makusudi. Mdharau kwao mtumwa, ndivyo nilivyojiambia, ingawa mbele yake sikusema.

Siku ya harusi yake, Nết, ambaye harusi zote za kijiji zilitangazwa kwa kinywa chake, aliambiwa hivi: "Mama, wewe tabasamu tu. Maneno atasema mjomba." Mjomba mwenyewe alikuwa ameishi mjini, ulimi wake una adabu. Nết akatabasamu tangu asubuhi mpaka wageni wanaondoka. Jioni alinishika mkono akaniambia taya zinamuuma, tukacheka wote wawili, mimi nikicheka nusu.

Kisha akazaliwa mjukuu, wa kiume, wakamwita Tôm nyumbani, yaani kamba wa majini, kwa jinsi alivyozaliwa mwekundu na amejikunja. Quyên na mumewe Bách wote wanafanya kazi, wakamtaka bibi aende akae na mtoto. Nilidhani Nết atasitasita kuviacha vipaza sauti. Wapi! Alikuja kibandani kwangu anaona haya kama mwari.

"Kijiji kizima nimekisomea, dada," akasema. "Sasa nataka kumsomea mmoja tu. Nataka akikua, hata akiwa gizani, aijue sauti ya bibi yake. Sina ninachotaka kingine."

Akaenda. Kata ikaleta mashine yenye sauti ya mwanamke wa mjini. Ilikuwa sauti safi kama maji yaliyochemshwa, na kama maji hayo, haikuwa na ladha. Ilitangaza misiba kama inayotangaza bei ya mbolea.

Mtoto alipokuwa ameanza kutembea, nilikwenda kuwatembelea Hanoi, nimebeba mayai ya bata na mboga za shambani kwake. Nyumba iko juu huko, ukichungulia chini watu ni sisimizi. Nikamkuta Nết anamlisha mtoto uji. Kijiko kinapanda, kijiko kinashuka, na hakuna neno. Mtoto anamtazama, naye anamtazama mtoto. Nikadhani mtoto anaumwa.

"We Tôm! Kijogoo wa bibi! Njoo unisalimie!" nikapaza sauti.

Nết akanishika goti. "Polepole, dada. Quyên hapendi."

"Hapendi nini?"

Akanieleza huku anakwangua bakuli. Mwanzoni alikuwa anambembeleza mtoto kama tulivyobembelezwa sisi, "Nana, nana," na kutoka jikoni sauti inamfuata: "Si nana, mama, ni lala." Akisema leo akaitamka vibaya, anasahihishwa. Akisema njaa, anasahihishwa. Akajaribu kutafuta maneno yasiyo na herufi zile mbili. Hebu jaribu wewe kumtuliza mtoto anayelia, huku unachambua maneno kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele! Mtoto analia, wewe unatafuta neno. Mwishowe Quyên hakuwa tena na haja ya kusema kitu. Bibi akifungua kinywa, binti anaweka kidole mdomoni kwake mwenyewe, na bibi ananyamaza. Ilikuwa ishara ya upole, Nết alisema. Hakuwahi kufokewa hata siku moja, na hilo alilirudia kama anayemtetea mtu mahakamani.

Quyên aliporudi kutoka kazini alinipokea vizuri mno, akanipikia, akanichagulia minofu ya samaki. Ubaya wa watoto waliolelewa vizuri ni huo, huwezi hata kugombana nao kwa raha. Lakini mimi nikagombana.

"Quyên, mwanangu, umemkataza mama yako kuongea na mjukuu wake?"

"Sijamkataza, mama mkubwa. Nimemwomba tu apunguze. Samaki mkunje angali mbichi. Akishalizoea kosa, nani atamtoa?"

"Na wewe ulilelewa kwa ulimi gani? Si huu huu?"

"Huu huu. Na nilichekwa nao mpaka nikatamani kuacha shule." Akaweka vijiti chini. "Wewe hujui ilivyo, mama mkubwa, kusimama mbele za watu unaona midomo yao imeshajiandaa kucheka, wanasubiri tu ukosee. Mwanangu hatapita hapo. Mkinichukia, nichukieni."

Macho yake yalikuwa mekundu. Na kilio chake cha kule kwenye kigoda nilikuwa sijakisahau. Nết alikuwa anaosha vyombo, na hata vyombo havikulia mikononi mwake. Yule mwanamke ambaye bata wa vijiji viwili walimtii! Nilirudi nyumbani na kapu tupu na moyo umejaa.

Mwaka uliofuata, siku moja, naona gari dogo limesimama mbele ya nyumba yao, Nết anashuka na mfuko wake mmoja, dereva anamshushia katoni ya biskuti za zawadi. Quyên hakuja. Nikamwita, nikammiminia chai. Ikapoa yote kabla hajainywa.

Tôm alikuwa amevuka miaka miwili na hasemi. Si mama, si maji, hakuna. Akitaka kitu ananyoosha kidole. Wakampeleka kwa daktari, Nết naye akaenda kwa sababu mtoto hakukubali kubebwa na mwingine. Daktari akampima masikio, mazima. Akamchungulia kinywa, kizima. Akauliza, "Mchana kutwa anakaa na nani?"

"Na bibi yake," Quyên akajibu.

"Na bibi huongea naye?"

Nết aliniambia kwamba hapo mtoto alikuwa mapajani mwake, anachezea kifungo cha blauzi yake. Ni kwenye gari, wakati wa kurudi, ndipo Bách aliposema bila kugeuka: "Mama, mtoto unashinda naye kimya kama mlinzi wa ghala? Kwa nini hukuongea naye?"

"Na Quyên alisema nini?" nikamuuliza.

"Alikuwa anatazama dirishani."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimembeba mtoto."

Nilikasirika mpaka nikamwaga chai mezani. Sijui kama nimewahi kukasirika vile. Nikamtukana Bách, nikamtukana Quyên, nikamtukana na daktari ambaye hana kosa. Halafu nikamgeukia Nết mwenyewe.

"Ulikuwa na mdomo! Kwa nini hukusema kwamba ni wao waliokufunga?"

"Ningesema kwa maneno gani, dada?" akaniuliza. "Yangu hawayataki."

Mtoto alipelekwa kwenye shule ya watoto wadogo yenye walimu wa ndimi zilizonyooka, na bibi hakuhitajika tena. Kata ilimwomba arudi. Mwenyekiti mwenyewe alikuja siku alipofariki mzee wa kinu cha mpunga, akasema mzee yule hastahili kuzikwa na mashine. Nết akasema koo linamuuma. Halikuwa linamuuma. Nilikuwa najua, na mwenyekiti alijua, akaondoka ameshika kofia yake mkononi.

Mwaka mpya ukakaribia, na habari ikaja kwamba watakuja, na kwamba Tôm sasa anasema, tena anasema vizuri. Basi nikaanza kusikia kitu upande wa pili wa ukuta. Kwanza nilidhani anaumwa meno. Nikaenda kuchungulia dirishani. Nết alikuwa amekaa mbele ya kioo cha marehemu mumewe, kijiti cha kulia ameking'ata, mate yanamtiririka kidevuni, anasema, "Lala. Lala. Lala." Mwanamke mwenye mvi zake! Nikarudi kwangu kimyakimya, na kwa mara ya kwanza nikatamani ulimi wetu ungekuwa mwingine. Aliendelea hivyo kila asubuhi mpaka sikukuu, na kwa kweli alikuwa anafika. Nilimsikia anafika.

Wakaja. Nilikuwa pale, nimepeleka kashata zangu. Mezani kulikuwa na wali wa kunata uliofungwa kwa majani, kuku, na vitunguu vya siki. Quyên alikuwa amekonda. Alimletea mama yake koti jipya, akamfunga vifungo mwenyewe mpaka juu, na nikaona mikono yake inakawia kwenye kola. Alikuwa anataka kusema jambo, na huyo mwenye ulimi ulionyooka hakupata neno la kulisemea.

Tôm akasimama katikati ya chumba, akakunja mikono kifuani kama alivyofundishwa, akainama. "Shikamoo bibi, nakutakia heri tele." Kila herufi mahali pake. Watu wakapiga makofi.

Nết akapiga magoti ili walingane urefu. "Marahaba, Tôm," akasema. "Njoo ulale hapa kwa bibi leo. Bibi atakubembeleza." Na alitamka sawasawa. Nakuapia, nilikuwa nimeinama nasikiliza kila herufi kama anayesikiliza namba za bahati nasibu, na hakukosea hata moja.

Mtoto akamtazama. Kumbe alikuwa anamkumbuka, uso ulimfunguka kwa furaha. Akamsogelea, akampa tabasamu kubwa, kisha akainua kidole chake kidogo akakiweka mdomoni, kama alivyokuwa akiona kila siku ya utoto wake.

"Shii, bibi," akasema. "Shii."

Bách akacheka, akadhani ni mchezo. Nết hakucheka. Alikubali kwa kichwa, akaweka na yeye kidole chake mdomoni ili mtoto aone kwamba ameelewa, akanyanyuka, akaenda kumkatia kipande cha wali. Quyên alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Tangu aliporudi kutoka chuoni na ulimi wake mpya sijamwona akisikia kosa akaliacha lipite, kwa mtoto wala kwa mtu mzima. Hilo la Tôm aliliacha.