Nyimbo Tisa za Kanda Niliyoifuta

Naikumbuka vizuri, mwanangu, ile Jumamosi nilipochana kipande cha karatasi kwenye daftari la kwaya, nikakikunja mara mbili, nikaziba nacho matundu mawili ya kanda ya shangazi yangu. Nyinyi wa simu hamuyajui haya. Kanda ikishavunjwa vile vijimeno vyake vya nyuma, redio inakataa kurekodi juu yake. Mwenyewe amesema basi, kilichomo kibaki. Lakini ukiziba yale matundu kwa karatasi, redio inadanganyika. Nilijua hivyo, nikafanya. Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa najiona kidogo.

Shangazi Nakijwa alikuwa fundi cherehani pale Same mjini, kwenye baraza ya duka la vitambaa. Mimi nilishuka kutoka kwetu Mhezi kuja kujifunza kushona kwake. Yeye alikulia kambini, kwenye shamba la mkonge huko tambarare, ambako babu yangu alikuwa mkata mkonge. Kila Jumamosi walitundika shuka ukutani wakaonyeshwa sinema za Kihindi. Watu wa kila kabila, waliokuja kutafuta kazi kutoka pande zote za nchi, walikaa chini wakalia pamoja kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeijua. Watoto wenzake walipenda mapigano. Shangazi alipenda nyimbo.

Alikuwa mtu mzima tayari ndipo mwenye lile duka, mama mwenye asili ya Kihindi, alipomweleza kwamba wale waigizaji warembo hawaimbi. Wanachezesha midomo tu. Anayeimba yuko nyuma, haonekani, na nyimbo karibu zote ambazo shangazi alizipenda tangu utotoni zilikuwa za mwanamke mmoja. Jina lake lilikuwa refu kwa ulimi wa shangazi, basi akamwita Dada. Betri za redio zikielekea kuisha na sauti ikaanza kuburuta, shangazi alisema Dada amechoka, tumpumzishe, akazima.

Yule mama wa duka alipojiandaa kuhama na familia yake, alikaa alasiri nzima na sahani zake za santuri akamrekodia shangazi nyimbo tisa za Dada. Hakumwekea zile zinazopigwa redioni kila siku. Hizo, alimwambia, utazisikia hata usipotaka. Alimwekea zile ndogo, za sinema zilizoonyeshwa wiki moja zikasahaulika, na akamweleza kila wimbo unaimbwa na mtu wa namna gani na kwa sababu gani. Kisha akaondoka, na hatukujua alikohamia. Duka likachukuliwa na mtu mwingine, shangazi akabaki na baraza na kanda.

Sasa ona ujinga wangu. Kwaya yetu ya vijana ilikuwa inajiandaa kwenda kuimba kwenye mkutano wa sharika, na mimi ndiye niliyekuwa naongoza. Nilitaka tujirekodi ili tujisikie. Kusema kweli nilitaka nijisikie mimi. Kanda tupu sikuwa nayo, ila hii ya shangazi ilikuwa pale rafuni. Na sikuichukua kwa pupa, ndiyo maana inaniuma mpaka leo. Niliipiga kwanza. Nilisikiliza upande wa kwanza na wa pili nikingoja wimbo ninaoujua. Kama ningeukuta hata mmoja ningeiacha. Sikuukuta. Nikasema moyoni, hizi ni takataka tu, nikakunja karatasi yangu.

Jumatatu asubuhi shangazi alifungua kazi kama kawaida. Akatia uzi kwenye sindano, akatia kanda kwenye redio, akabonyeza. Tukatoka sisi. Alidhani amekosea upande, akageuza. Tukatoka tena. Nilikuwa naongoza kwa sauti ya juu kabisa, na kwa mara ya kwanza nilijisikia nilivyokuwa nikipiga kelele.

"Nani huyu anaimba?" aliuliza.

"Ni mimi, shangazi."

"Na Dada umempeleka wapi?"

Nikajitetea. Nikamwambia, "Shangazi, zilikuwa nyimbo zisizojulikana. Nilizisikiliza zote, hakuna hata moja ninayoijua."

Hakunigombeza. Alivua miwani akalia, pale pale barazani, mbele ya mteja aliyekuja kupimwa sare ya harusi. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika babu. Yule mteja akajifanya anachagua vifungo. Redio ikaendelea kuzunguka, sisi tukaimba mpaka tukamaliza, na baada ya amina yetu ya mwisho ikasikika sauti nyingine kabisa, ya chini, inayoteleza. Ilikuwa nusu ya mwisho ya wimbo wa tisa, ambayo kwaya haikuifikia. Shangazi akainua kidole tunyamaze. Ilikuwa kama dakika moja tu, kisha kanda ikaisha.

Kesho yake nilikwenda kazini nikijua nitaambiwa nifunge virago nirudi mlimani. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akanijibu marahaba bila kunitazama, akanisogezea kigoda karibu na cherehani yake.

"Kaa hapo," alisema. "Umeifuta, basi utaibeba. Tangu leo kanda ni wewe."

Ndivyo nilivyojifunza nyimbo za Dada, mwanangu, kwa mdomo wa fundi cherehani asiyejua Kihindi. Maneno tuliyabananga vibaya. Mhindi akipita tulinyamaza. Lakini tuni shangazi alikuwa nayo sawasawa, au ndivyo nilivyoamini. Aliimba mstari, nami nikaurudia. Nikikosea, alinyanyua mguu kwenye kanyagio, cherehani ikasimama, na tukaanza upya. Gauni moja lilichukua siku tatu.

Na hapo ndipo nilipoanza kusikiliza, maana kabla ya hapo nilikuwa nasikia tu. Kulikuwa na wimbo wa mjane kisimani. Mstari wa kwanza anauimba bila chombo hata kimoja, filimbi inakuja baadaye kabisa, inamfuata kwa mbali kama mtu anayeogopa kumsemesha mfiwa. Kulikuwa na wa mke wa muuza chai kituo cha treni, ambao katikati yake Dada anacheka kidogo halafu anarudi kwenye tuni bila kukosa hatua. Shangazi alijaribu kicheko kile miaka na miaka, hakukiweza. Mwingine ulikuwa wa wawili, mwanamume anaimba karibu wote, Dada anamjibu mistari miwili tu. Ile miwili ukishaisikia, yule bwana unamsahau. Na ule wa tisa, uliobaki nusu, ulikuwa wa kubembeleza mtoto. Anayebembeleza ni mtumishi wa ndani na mtoto ni wa tajiri. Dada anauimba chini sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha mama mwenye nyumba kuliko anavyoogopa kumwamsha mtoto.

"Yule mtumishi kwenye sinema hana hata jina," shangazi aliniambia siku moja. "Anapita mara moja, humwoni tena. Dada angeweza kuimba ovyo akaenda zake, nani angemuuliza? Lakini sikiliza alivyomwimbia. Kampa sauti ileile anayompa malkia."

Kisha akachukua sketi niliyokuwa nimemaliza, akaigeuza ndani nje. Nje ilikuwa safi. Ndani uzi ulikuwa unaning'inia kama nywele za mgonjwa. Akanirudishia.

"Hapa ndipo Dada anapoimba," alisema. "Fumua."

Nilifumua. Nilifumua sketi nyingi mwaka ule. Hasira zangu zilikuwa karibu, na kuna siku nilimwona shangazi kama mtu anayenionea kwa ajili ya nyimbo tisa za watu wa mbali. Lakini siku moja, miezi mingi baadaye, nilikuwa napiga pasi mashati ya shule. Nilikuwa nimechoka na sifikirii kitu. Nikasikia cherehani ya shangazi imesimama. Nikageuka nione nimeunguza nini. Alikuwa ameweka mikono mapajani, ananisikiliza. Sikujua kwamba nilikuwa naimba. Ulikuwa ule wa mtumishi, nami nilikuwa nauimba chini, kwa mvuke wa pasi, bila kutaka anisikie mtu.

Alingoja nimalize. "Hapo umempata," alisema, akarudi kwenye kazi yake. Habari ya kanda hakuitaja tena mpaka anakufa. Nakwambia, nimewahi kupigiwa makofi na kanisa zima, lakini hayakunifikia kama maneno yale mawili.

Miaka ikapita. Nikawa na cherehani yangu, kisha watoto, kisha wajukuu. Shangazi alipozeeka tulimpandisha Mhezi akae nasi. Akili ikaanza kumtoka, akanisahau jina, akawa ananiita kwa jina la mama yake. Makande alikuwa anakula bila kujua kama ameshakula. Nyimbo tu ndizo hazikumtoka. Nilimwimbia tukichambua maharage uani, naye nikiteleza alinigusa goti nirudie. Tulimzika mlimani, kwenye shamba la migomba.

Mwaka huu mjukuu wangu Nanzia alikuja likizo na simu yake. Akaniambia simu za siku hizi ukiziimbia zinakutafutia wimbo. Sikumwamini. Nikakaa uani, mwanamke mzima mwenye kanga mbili, nikaiimbia simu. Ilichukua siku kadhaa, maana Kihindi chetu kiliishinda hata mashine, lakini Nanzia si mtu wa kukata tamaa. Zilipatikana saba. Ule wa mke wa muuza chai na ule wa mtumishi zimo. Mbili hazijapatikana mpaka leo.

Wa kwanza kupatikana ulikuwa wa mjane kisimani. Nilifumba macho, nikaimba pamoja na Dada. Mstari wa kwanza tulikwenda naye vizuri. Mstari wa pili ulipofika katikati mimi nikasimama kidogo, kama nilivyosimama siku zote. Dada hakusimama. Aliendelea kwa pumzi ileile moja, ndefu, inapanda inashuka, mpaka mwisho.

Nikamwambia Nanzia arudishe nyuma. Nikasikiliza tena na tena. Pale hakuna kituo. Nilidhani simu imekosea, halafu nikakumbuka. Pale ndipo shangazi alipokuwa akiinama kukata uzi kwa meno.

Nilicheka mpaka Nanzia akaogopa, kisha nikalia. Nikamvulia Dada kofia upya, maana kumbe ana pumzi kuliko tulivyomsifia miaka yote ile. Na nikaona kwamba nilichopewa nibebe nilikibeba chote, na shangazi mwenyewe ndani yake.

Basi, mwanangu, ninalokuambia ni hili. Kitu usichokijua usikifute kwa sababu hukijui; kaa nacho kwanza, kisikilize, uliza ni cha nani. Ukipewa kazi ya yule mtumishi asiye na jina, ifanye kwa sauti ileile ambayo ungempa malkia. Ukishona, ndani kuwe kama nje. Na ukikosea kwa mtu, usikimbilie kujitetea kama nilivyojitetea mimi; kaa kwenye kigoda ulichowekewa, ubebe ulichokiharibu mpaka kiwe chako.

Zile mbili ambazo hazijapatikana nimeanza kumfundisha Nanzia. Ule wa mjane pia, na nimemwambia asimame palepale.

Mungu akupe mikono isiyochagua pa kufanya vizuri. Akupe mtu wa kukurudisha kwenye mstari ukiteleza. Na siku utakaponyamaza, apatikane mtu, hata mmoja, atakayesimama kidogo pale ulipokuwa ukikata uzi.